Kwa nini doa la kahawa huwa jeusi pembeni?

Tone la kahawa likikauka mezani, doa lake halina rangi sawa. Katikati hupauka, pembeni hubaki mstari mweusi kama pete. Ni kitu cha kufuta na kitambaa tu, lakini kilifika hadi jarida la Nature mwaka 1997, Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoeleza chanzo chake.

Ukingo wa tone hung'ang'ania meza, hausogei. Hapo ndipo maji hupaa haraka zaidi. Pengo lazima lizibwe, hivyo maji mengine hukimbia kutoka katikati kwenda pembeni yakibeba chembe za kahawa. Maji yanapaa, chembe zinabaki.

Chumvi nayo? Hukolea pembeni kwanza. Ikifika kama gramu 36 kwa kila gramu 100 za maji, maji hayawezi kuyeyusha zaidi, na fuwele ndogo zenye umbo la dadu huanza kuota. Weka tone kwenye kioo usiku, asubuhi utaziona.

Kwenye printa za wino na maabara, pete hii ni kero: wino hurundikana ukingoni, na sampuli iliyokaushwa inaweza kusomwa vibaya. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kuwa chembe zilizorefuka, badala ya za mviringo, hushikana juu ya uso wa tone na kukauka zikiwa zimetawanyika sawasawa. Pete haitokei.