Mzigo Uliokataa Kuzikwa Unyanyembe

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea ya kuvisoma vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 kana kwamba ni habari za wasafiri peke yao. Tunauliza nani aliliona ziwa gani, mwaka gani, tunaandika jibu kwenye karatasi ya mtihani, basi. Makala haya yanarudi kwenye tukio moja la Tabora, Oktoba 1873, na kuuliza swali jingine: nani aliamua?

Swali hili sikulipata maktabani. Nililipata Gongoni, nyumbani, katika wiki za mwisho wa muhula. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anasoma shahada ya pili. Alikuja na kompyuta, begi la fotokopi, na uso wa mtu aliyefiwa. Tasnifu yake inahusu watu waliotembea na misafara ya njia yetu hii. Sura mbili zimepita. Ya tatu imerudishwa imejaa wino mwekundu, na fedha za utafiti zimekwisha. Jioni moja chini ya mwembe akaniambia, "Mdogo wangu, hii kitu mimi naizika hapahapa Tabora. Natafuta kazi." Mama mkubwa alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata macho. "Mzigo hauzikwi njiani, baba. Hutuliwa."

Kaka akacheka sana, maana mama bila kujua alikuwa ameigusa sura ya tatu yenyewe.

Hebu tuitazame historia. Stanley alipoagana na Livingstone mwezi Machi 1872, mzee yule alibaki Kwihara, kilometa chache nje ya mji wa Tabora, akingoja watu kutoka pwani. Walifika Agosti. Miongoni mwao alikuwamo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India. Tarehe 25 Agosti msafara ukaondoka kuelekea kusini. Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Kiongozi amekufa, pwani iko mbali, mishahara haijalipwa. Wangeweza kutawanyika. Hawakutawanyika. Waliuzika moyo chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa muda wa wiki mbili hivi, wakaufunga ndani ya gome la mti na turubai. Wainwright alisoma sala za maziko, akachonga maandishi kwenye mti. Vitu vya marehemu vikaandikwa kwenye orodha. Kisha, Chuma na Susi wakiongoza, wakaubeba.

Oktoba wakafika Unyanyembe. Hapa walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kutoka Uingereza kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri waache, mwili uzikwe hapa, kwa sababu njia ya mbele ni ya hatari na wenyeji hawatakubali maiti ipite kwao. Wakakataa. Cameron alichukua baadhi ya vyombo vya marehemu vya kupimia, mwili hakuupata. Mbele kidogo, Kasekera, upinzani ulipotokea kweli, waliwatuma wenzao kurudi Unyanyembe na furushi la mabua, eti wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, ukapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Sasa tuje kwenye uhakiki. Kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, alichokihariri Horace Waller na kutolewa 1874, kinamalizika kwa masimulizi ya Chuma na Susi. Bila wao sura hizo zisingekuwepo. Lakini kalamu ni ya Waller, na tangu hapo neno linalorudiwa kila mahali ni "uaminifu". Waaminifu! Kwa maoni yangu neno hili linasifu na kupunguza kwa wakati mmoja. Mtumishi mwaminifu hufanya alilotumwa. Hawa hawakuwa wametumwa na mtu. Na aliyetaka kuwaamuru walimkatalia.

Tena walikuwa na sababu. Mwaka 1866 Musa na wenzake wa kisiwa cha Nzwani walimtoroka Livingstone, wakarudi Unguja na kusema ameuawa. Ulikuwa uongo. Baada ya hapo, nani angeamini kundi jingine linalorudi bila mzee? Mimi nasema mwili ule ulikuwa pia ushahidi wao. Upendo ulikuwepo, sikatai, lakini akili ilikuwepo vilevile, na wasifu wa kawaida huwanyima akili hiyo.

Pwani mzigo ukapokewa na wengine. Katika wote waliotoka nao Chitambo, ni Wainwright pekee aliyefika nao London, akawa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha. Na wengine? Halima aliyekuwa akipika? Ntaoeka? Wabebaji wenyewe?

Hiyo ndiyo sura ya tatu ya kaka. Pembeni msimamizi ameandika: "Ushahidi uko wapi?" Ni swali la haki, wala siyo tusi. Lakini kulijibu kunataka kurudi kwenye orodha na kutafuta jina mojamoja, wakati ambapo mfuko mtupu na wenzako wanapiga picha za mahafali.

Siwezi kusema amemaliza, hajamaliza. Asubuhi ile alifungua begi akanipa kurasa nimsomee majina, yeye akiandika. Tulifika adhuhuri tukiwa na majina 19. Mengine yameandikwa kwa namna tatu tofauti, hujui kama ni mtu mmoja au watatu.

Wenzangu wa fasihi, nasi tuvisome vitabu hivi hivyo: kila mwandishi anaposema "watu wangu", tusimame tuulize ni akina nani, na walikataa nini.