Nani alipe kujenga upya? Fundisho la Aberfan

Leo tuzungumze neno linaloleta mabishano popote watu wamepoteza nyumba: nani alipe?

Tutazame Aberfan, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Uingereza. Shirika la serikali la makaa lilimwaga taka za mgodi mlimani, juu ya kijiji. Kilima cha saba kiliwekwa juu ya chemchemi. Watu walilalamika, hawakusikilizwa. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966 kilima kiliporomoka, kikafunika shule na nyumba. Watu 144 walikufa. 116 walikuwa watoto.

Mwaka 1967 tume ya uchunguzi ilisema wazi kwamba kosa ni la shirika. Hata hivyo, vilima vingine vilibaki pale juu, na wazazi waliishi chini yake kwa hofu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wanakijiji hawakushika silaha. Walibeba taka zile katika mifuko, wakaziacha ndani ya ofisi ya serikali mjini Cardiff.

Mwaka 1968 serikali ilikubali kuviondoa vilima. Lakini ilichukua pauni 150,000 katika mfuko wa msaada, feza ambayo watu wa nchi nyingi walikuwa wametoa kwa ajili ya wafiwa. Ndivyo waliofiwa walivyolipia hatari ambayo hawakuileta wao. Feza hiyo ilirudishwa mwaka 1997, bila faida. Mwaka 2007 serikali ya Wales iliongeza pauni milioni 1.5. Miaka 40 ilikuwa imepita.

Ndugu, sisi pia tuna migodi na milima ya taka, kama ule wa Lubumbashi. Tushike mambo matatu. Kwanza, msaada ni wa aliyeumia, si wa kulipa deni la mwenye kosa. Pili, kumtaja mwenye kosa bila kumlipisha huacha kidonda wazi. Tatu, wakubwa waandike mapema hasara ya kila jamaa, hesabu isomwe barazani mbele ya wote, na waliohamishwa wakae pale wanapoamua.

Kudai haki si kutafuta vita. Vita huja pale mwenye kudai anapofungiwa mlango.

Amani iwe nyumbani mwenu.