Uchovu Usio na Upungufu: Homoni ya Thairoidi Kisii na Nyamira

Dai kwamba uchovu usioisha na moyo mzito hutokana na tezi ya thairoidi, na kwamba vidonge vya levothairoksini vitaumaliza, hupata wasikilizaji kwa urahisi katika nyanda za juu kama Kisii na Nyamira. Historia inalipa nguvu. Mvua nyingi za milimani huosha iodini udongoni, na rovu, uvimbe wa tezi shingoni unaotokana na kukosa iodini, lilikuwa tatizo la afya Kenya hata chumvi ikalazimishwa kisheria kutiwa iodini mwaka 1978. Kutoka hapo watetezi huruka mara mbili: kama iodini iliwahi kuadimika, basi mchovu wa leo amepungukiwa homoni; na kipimo kikikana, kipimo ndicho chenye kasoro. Mruko wa pili ndio ninaoupinga.

Juu ya mgonjwa ambaye tezi yake imelegea kweli hakuna ubishi tangu daktari George Murray alipomdunga mgonjwa wake dawa iliyotokana na tezi ya kondoo mwaka 1891. Ubishi ni juu ya mtu mwenye kiwango cha kawaida cha TSH, homoni inayoiamuru tezi na ambayo hupanda tezi ikilegea. Ushahidi unaomhusu moja kwa moja ulitoka Glasgow mwaka 2001, kwa mtafiti Pollock na wenzake. Walichukua watu 25 wenye dalili za tezi iliyolegea lakini vipimo vizuri, pamoja na wazima 19. Kila mmoja alimeza mikrogramu 100 za levothairoksini kwa majuma 12, na kwa muda kama huo kidonge kitupu, bila kujua kipi ni kipi. Wenye dalili walipata nafuu hata kwa kidonge kitupu; homoni haikuongeza kitu. Wazima, wakiwa kwenye homoni, waliripoti uchangamfu uliopungua. Hapo ndipo nadharia ya “kuongeza nguvu” inapovunjika, na ndipo tunapoona kwa nini ushuhuda wa jirani aliyepona, hata akiwa mkweli, hauamui jambo hili. Idadi ni ndogo, naam. Lakini jaribio la TRUST la mwaka 2017, lenye wazee 737 ambao TSH yao ilikuwa imepanda kidogo, nalo halikuona uchovu ukipungua.

Pingamizi lenye uzito linatoka kwa matabibu wa akili: T3, homoni nyingine ya thairoidi, huongezwa kwenye dawa za sonona iliyokataa kupona. Katika utafiti wa STAR*D wa Marekani, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipona alipoongezewa T3. Hata hivyo hapakuwa na kundi la kidonge kitupu, na wagonjwa hao walikuwa wamejaribu matibabu mawili chini ya uangalizi bila kupona. Matokeo hayo hayawezi kuwa ruhusa ya kununua vidonge dukani.

Tangu 2013 afya ni jukumu la kaunti, kwa hiyo uamuzi uko Kisii na Nyamira zenyewe. Mchuma chai anayelalamika uchovu apimwe kwanza damu, akiba ya chuma, malaria na sukari, aulizwe kuhusu usingizi na huzuni, na TSH iwe miongoni mwa vipimo hivyo. Chai inywewayo pamoja na mlo wa mboga huzuia chuma kufyonzwa, na hilo halirekebishwi na homoni yoyote. Homoni ikizidi, mapigo ya moyo huvurugika na mifupa huliwa, huku upungufu wa damu ukiendelea bila kutibiwa. TSH ikiwa juu kweli, dawa imezwe kwa maji kabla ya chai ya asubuhi, kisha kipimo kirudiwe baada ya majuma sita hivi.