Balasaraswati, mama wa India aliyecheza hadithi nzima peke yake

Ngoma nyingi tunazozijua zinachezwa kwa kundi. Lakini kusini mwa India iko ngoma ya zamani inayoitwa bharatanatyam, ambamo mtu mmoja tu anaweza kusimama mbele ya watu kwa saa mbili. Yeye ndiye mama, ndiye mtoto, ndiye mpenzi aliyekasirika, ndiye mungu anayengojewa. Kati ya wale walioijua kazi hiyo sana ni mama Balasaraswati.

Alizaliwa mwaka 1918 katika mji wa Madras, leo unaitwa Chennai. Katika jamaa yake, wamama ndio walikuwa wanarithishana muziki na ngoma tangu vizazi vingi. Bibi yake, Veena Dhanammal, alijulikana sana kwa kupiga vina, chombo cha nyuzi. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji. Mwalimu Kandappa Pillai alimfundisha kwa ukali tangu utoto, na akiwa na miaka 7 tu akacheza mara ya kwanza hekaluni, kule Kanchipuram.

Miguu na uso

Ngoma hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mwendo mtupu: magoti yamekunjwa kuelekea pembeni, miguu inapiga chini na njuga zinajibu ngoma ya mridangam. Hapo hakuna hadithi. Ya pili inaitwa abhinaya: mikono, macho na uso vinaeleza maneno ya wimbo. Hapo ndipo Balasaraswati alipita wengine.

Mwimbaji anarudilia mstari mmoja mara nyingi, na kila mara mchezaji anauonyesha kwa njia nyingine. Kama wimbo unamwita mtoto Krishna aje, mara moja anamwita kwa upole, mara nyingine anamtisha kidogo, kisha anajifanya hamuoni. Mengi ya hayo Balasaraswati aliyatunga palepale jukwaani, na mara nyingi alikuwa anaimba mwenyewe huku anacheza. Ndiyo maana alisema kwamba muziki na ngoma havitenganishwi.

Ngoma iliyokaribia kupotea

Wanawake wa jamaa kama yake waliitwa devadasi, maana yake watumishi wa mungu. Wakati wa ukoloni wa Uingereza, watu wengi walianza kuwadharau na kuwaita malaya. Wengine walitaka kweli kuwalinda wasichana. Mwaka 1947, sheria ya Madras ilikataza kuwatoa wasichana kwa hekalu. Lakini wamama waliobeba ngoma hiyo kwa vizazi walipoteza kazi na heshima.

Wakati uleule, watu wa tabaka la juu waliichukua ngoma na kuipeleka kwenye majukwaa ya mjini. Rukmini Devi, aliyeanzisha shule ya Kalakshetra mwaka 1936, alitaka mambo ya mapenzi ya mwili yapunguzwe. Balasaraswati alikataa. Kwake, hamu ya mwanamke kwa mpenzi wake ni njia ya kuonyesha kiu ya mtu kwa Mungu, hakuna kitu cha kusafisha hapo.

Hakunyamaza, aliendelea kucheza. Tangu miaka ya 1960 alienda Japani, Ulaya na Marekani, ambako alifundisha pia. Mwaka 1973, Music Academy ya Madras ilimpa tuzo la Sangita Kalanidhi, ambalo kawaida ni la wanamuziki. Yeye alikuwa mchezaji wa kwanza kulipata. Mwaka 1976, Satyajit Ray alitengeneza filamu juu yake. Ndani yake anaonekana kando ya bahari, mama wa miaka karibu 60, upepo unavuta sari yake, naye anaendelea kumwita Krishna.

Alifariki mwaka 1984. Binti yake, Lakshmi, ndiye aliyeendeleza ngoma ya jamaa.