Hifadhi Yenye Watu Ndani Yake

Sisi tulioinukia kwenye miteremko ya Mlima Meru, tukilisikia neno "hifadhi" huona akilini lango, askari wa wanyamapori na mpaka. Upande wa ndani ni wa twiga na nyati. Upande wa nje ni wa binadamu na mbuzi wake. Mpaka huo tumeuzoea kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza uliwekwa na nani, na waliokuwa upande wa ndani walikwenda wapi. Mimi swali hilo lilinijia nikiwa mbali na nyumbani, katika kisiwa cha Mafia, nilikokwenda likizo ya wiki moja kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa.

Kutoka Arusha nilipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha ndege ndogo hadi Kilindoni, na gari hadi kijiji cha Utende kwenye Ghuba ya Chole. Mtungi wenyewe ni uvumbuzi wa juzi tu. Mwaka 1943, nchini Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza kifaa kinachompa mpiga mbizi hewa kila anapovuta pumzi, kwa mgandamizo ulio sawa na ule wa maji yanayomzunguka. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji. Ndiyo maana mtu hufundishwa kupanda taratibu, bila kubana pumzi. Aidha, aliyepiga mbizi kwa siku kadhaa hushauriwa angoje saa 18 au zaidi kabla ya kupanda ndege au kwenda sehemu za mwinuko. Kwa mtu wa Arusha, ambako mji uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, ushauri huo si wa kupuuza.

Niliyoyaona huko chini yanatosha kumfanya mtu asahau dunia: matumbawe yaliyojipanga kama vichaka, chewa wakubwa wametulia mapangoni, taa wakielea juu ya mchanga, na kasa aliyenipita bila kunijali. Hakuna nyumba wala sauti ya mtu. Ni rahisi kudhani kwamba mahali hapo hapajapata kuguswa.

Lakini historia ya Mafia inasema vingine. Nilipofika kwenye magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, nilikuta misikiti na nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mji huo ulishambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, watu wake wengi wakauawa au kuchukuliwa utumwani. Yale matumbawe niliyoyastaajabia baharini ndiyo yaliyosimamisha mji mzima. Kwa wenyeji, mwamba ulikuwa ghala, chimbo la mawe na shamba, karne nyingi kabla haujawa mandhari ya mgeni.

Baadaye shamba hilo lilianza kuharibiwa. Kulikuja uvuvi wa baruti, ambao kwa mlipuko mmoja huua samaki, mayai yao na mwamba wanaoishi. Kulikuja makokoro yenye matundu madogo yaliyokokota kila kitu, na matumbawe yaliendelea kuchimbwa na kuchomwa ili kupata chokaa. Mwaka 1991 ulifanyika mkutano wa kupanga hifadhi, na wawakilishi wa vijiji walishiriki. Ikatungwa Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na mwaka 1995 Mafia ikatangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini, yenye eneo la kilomita za mraba 822.

Jambo la maana ni kwamba vijiji havikuhamishwa. Chole, Juani, Jibondo, Utende na vinginevyo vimo ndani ya mpaka. Bahari iligawanywa: kuna sehemu ambazo uvuvi umekatazwa kabisa, sehemu ambazo wenyeji huvua kwa masharti, na sehemu za matumizi ya kawaida.

Nilimwamkia nahodha wetu, mzee wa makamo, nikamwambia nimetoka Arusha, kwenye mbuga. Akaitikia "Marahaba, mwanangu," kisha akasema, "Kule kwenu hifadhi ni ya wanyama. Huku na sisi tumo." Hakusema kwa majivuno wala kwa uchungu. Alikuwa akieleza tu.

Maneno yake yalinirudisha nyumbani. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Huko Serengeti, mwaka 1959 Wamasai walitakiwa kuiacha mbuga, wakaelekezwa Ngorongoro, mahali palipowekewa sheria ya watu na wanyama kuishi pamoja. Na sote tumeshuhudia kwamba tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, jambo lililozua mabishano makubwa. Kumbe hata ahadi ya kuishi pamoja huhitaji kulindwa, kama vile faru anavyolindwa.

Sisemi kwamba Mafia ni peponi. Watu wa Jibondo, ambao riziki yao karibu yote hutoka baharini, walilalamika kwa miaka mingi kwamba masharti yanawabana kuliko yanavyowafaa. Wana hoja. Mgeni kama mimi hulipa ada na kuondoka, na sehemu ya ada hizo imekusudiwa vijiji. Lakini anayekatazwa kutupa wavu leo anataka chakula leo. Kuachwa mahali pako ni jambo moja, na kusikilizwa ukiwa hapo ni jambo jingine. Tena mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakapauka na kufa. Joto hilo halikuletwa na mvuvi wa Jibondo, na hakuna askari wa hifadhi awezaye kulizuia langoni.

Hata hivyo, nadhani Mafia ilianza mahali panapostahili. Ilikubali kwamba wenyeji si uchafu wa kufagiliwa ili mandhari yapendeze, bali ni sehemu ya historia ya mandhari hayo, na kwamba lawama na dawa vyote viko mikononi mwao na mwetu. Msomaji utakayejaliwa kwenda huko, piga mbizi ufurahie. Lakini ukitoka majini, kabla ya kufunga mizigo, vuka uende Juani ukayatazame yale magofu. Kisha kaa na wavuvi pwani, uwaulize bahari yao iko hali gani. Wao ndio wanaojua.