Mkimbizi na Mtetezi Wake Katika Kenya

Tarehe 16 Mei, 1966, Kenya, ambayo ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu kupata uhuru, ilijiunga na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya hali ya wakimbizi. Katika mkataba huo yamo masharti yatajwayo kila mara, kama lile la 33, likatazalo mkimbizi kurudishwa mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini. Limo pia sharti la 16, ambalo aghalabu wasomaji hulipita upesi. Lasema kwamba mkimbizi atakuwa na njia ya kufika mbele ya mahakama, na kwamba katika nchi akaayo atatendewa sawa na mwenyeji katika jambo hilo, msaada wa sheria ukiwemo.

Ahadi hiyo ilikuwa njema, lakini thamani yake ilitegemea hali ya mwenyeji mwenyewe. Maskini wa Kenya katika miaka ile hakupewa wakili na Serikali, ila aliposhtakiwa kwa kosa kubwa kama la kuua. Akifukuzwa nyumbani, au akidhulumiwa mshahara, alijitetea mwenyewe kwa lugha ya mahakama asiyoijua, au alinyamaza. Mkimbizi, basi, aliahidiwa fungu sawa katika chungu kisichokuwa na kitu.

Mwaka 1973 baadhi ya wanasheria wa Nairobi walianza kujitolea kuwasaidia watu wasio na fedha za kumlipa wakili. Shirika lao likaitwa Kituo cha Sheria, jina ambalo hata mama muuza mboga hahitaji kufasiriwa. Wateja wake wa kwanza hawakuwa wakimbizi. Walikuwa wapangaji, vibarua na wajane. Mambo ya wakimbizi yalikuwa bado machache, na Serikali yenyewe ndiyo iliyopokea maombi yao ya hifadhi na kuyaamua mmoja mmoja. Aliyekubaliwa aliweza kukaa mjini, kufanya kazi na kusomesha watoto.

Hali hiyo iligeuka mwaka 1991. Serikali ya Somalia ilianguka, na watu wakavuka mpaka kwa maelfu mengi. Wengine wakaja kutoka Ethiopia na Sudan. Kambi za Dadaab zilianza mwaka huo, na Kakuma ikafuata mwaka 1992. Kazi ya kupima maombi ikaachiwa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na desturi ikawa kwamba mahali pa mkimbizi ni kambini. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mgeni wa Dadaab alikaa miaka ishirini bila kupewa jembe hilo. Kambi zile, zilizokusudiwa watu 90,000, zilikuwa na zaidi ya 400,000 kufikia mwaka 2011.

Jambo la ajabu ni kwamba katika muda huo wote Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe juu ya wakimbizi. Sheria ya Wakimbizi ilitungwa mwaka 2006, miaka arobaini baada ya kujiunga na mkataba. Ilimtaka mwomba hifadhi afike mbele ya ofisa mara aingiapo nchini, au kabla ya siku 30 kupita. Aliyekataliwa aliweza kukata rufani, naye pia alipewa siku 30. Ni muda mfupi kwa mtu aliyefika bila karatasi, asiyejua Kiswahili wala Kiingereza, wala asiyejua ofisi iko mtaa gani. Hapo ndipo ulipo msaada wa sheria ulio mkubwa kuliko wote, ingawa hauandikwi katika vitabu vya hukumu: kumwambia mtu tarehe, kumjazia fomu, kuyapanga maelezo yake ili mwisho usipingane na mwanzo, na kwenda kituo cha polisi usiku wakati kijana wa Islii anapozuiliwa kwa sababu karatasi yake imekwisha muda. Kituo cha Sheria kilifungua kazi ya namna hiyo Islii kwenyewe, na shirika jingine la wanasheria wa wakimbizi lilikuwapo Nairobi tangu mwaka 1998.

Lakini yako mambo yasiyomalizika kituoni kwa polisi. Ikiwa amri imetolewa kwa watu wote kwa pamoja, nani atakwenda kuipinga? Mwaka 1989 Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuzuia jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru Park, shauri lake lilitupwa kwa sababu yeye, kwa maoni ya jaji, hakuwa na haki ya kushtaki. Ikiwa raia mashuhuri alijibiwa hivyo juu ya bustani ya mji wake, mkimbizi angesema nini? Katiba ya mwaka 2010 iliufungua mlango huo. Iliruhusu mtu au chama kupeleka shauri la haki za msingi kwa niaba ya wengine wasioweza kujisemea.

Mlango huo ulijaribiwa upesi. Tarehe 18 Desemba, 2012, baada ya mabomu ya mkono kutupwa mara kadhaa mijini, Idara ya Mambo ya Wakimbizi ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini waende kambini: Wasomali Dadaab, na wengine Kakuma. Huduma zao na uandikishaji mijini vilikuwa visimamishwe. Mwezi wa Januari barua ya Serikali ilieleza kwamba watu 18,000 watahamishwa kwanza, na kwamba uwanja wa michezo wa Thika utatumika kuwakusanyia. Wakati huo huo polisi waliingia Islii, na ripoti ya Human Rights Watch ya Mei 2013 ilieleza mapigo, unyang'anyi na fedha zilizodaiwa watu ili waachiliwe.

Kituo cha Sheria kilikwenda Mahakama Kuu, na wakimbizi saba wakapeleka ombi lao pia. Busara ya shauri hilo ilikuwa katika viapo vya watu hao. Wanasheria hawakusimama na kusema juu ya wakimbizi kwa jumla. Walionyesha mtu mwenye kazi, mtu mwenye watoto shuleni, mtu aliyekaa Nairobi miaka mingi kwa kibali cha Serikali hiyo hiyo. Tarehe 23 Januari, 2013, Jaji David Majanja aliisimamisha amri ile kwa muda. Tarehe 26 Julai aliitengua kabisa. Aliona kwamba haikujali hali ya kila mmoja, iligusa utu na uhuru wa kwenda, na ilihatarisha kanuni ya kutomrudisha mtu penye hatari. Serikali haikuonyesha vipi kuwahamisha waombaji wale kungeleta usalama.

Ushindi huo haukukaa. Septemba 2013 wauaji walivamia jengo la Westgate. Machi 2014 amri mpya ya kwenda kambini ilitolewa, na Aprili maelfu walikamatwa na kukusanywa katika uwanja wa Kasarani. Mashirika ya kutetea haki yalilalamika kwamba yamezuiwa kuingia, na mamia ya watu walirudishwa Somalia kwa ndege. Shauri jipya likapelekwa, likaangukia kwa jaji yule yule, na Juni 2014 akalikataa. Hukumu hizi mbili zafaa kusomwa pamoja. Asomaye ya kwanza peke yake ataiamini mahakama kupita kiasi, na asomaye ya pili peke yake ataikatia tamaa kabla ya wakati.

Bunge nalo liliweka mpaka wa wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima. Mahakama Kuu ikaufuta Februari 2015. Mei 2016 Serikali ilitangaza kwamba Dadaab itafungwa. Kituo cha Sheria kilirudi mahakamani pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, na tarehe 9 Februari, 2017, Jaji John Mativo akasema kwamba kufunga kambi kwa namna ile ni kinyume cha Katiba. Mwezi huo huo Mahakama ya Rufani iliithibitisha hukumu ya mwaka 2013.

Katika mwaka 2016, miaka hamsini kamili tangu ahadi ya Geneva, Kenya ilitunga Sheria ya Msaada wa Sheria. Inawataja wastahiki wa wakili wa Serikali: raia, mtoto, mkimbizi, aliyeuzwa na wafanya biashara ya watu, aliyehamishwa ndani ya nchi, na asiye na uraia wa nchi yoyote. Sheria mpya ya Wakimbizi ilitiwa sahihi Novemba 2021, ikachukua mahali pa ile ya 2006. Imepanua njia ya kazi na ya kuishi pamoja na wenyeji. Hata hivyo, mkimbizi wa Dadaab au Kakuma atakaye kusafiri kwenda Nairobi bado huhitaji hati ya ruhusa, na mashauri ya waliokamatwa njiani bila hati hiyo yangali sehemu ya kazi ya mawakili wa Garissa na Kakuma.