Mialoni ya Claiborne: Maisha ya Kila Siku na Alama za Jamii katika Mji wa New Orleans

Historia ya miji huandikwa mara nyingi kwa kufuata majengo: makanisa, mahakama na nyumba za wakubwa. Makala hii inajadili alama ya jamii isiyokuwa jengo, yaani safu za mialoni zilizokuwa katikati ya barabara ya North Claiborne, mtaani Tremé, New Orleans, kusini mwa Marekani.

Tremé ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya Wamarekani Weusi. Tangu mapema karne ya 19, Weusi waliokuwa huru walinunua viwanja humo wakajenga. Kanisa la Mtakatifu Augustino lilizinduliwa mwaka 1842. Katika zama za ubaguzi wa kisheria, Claiborne ikawa barabara yao kuu ya biashara, yenye maduka, ofisi za bima na huduma za mazishi. Chini ya mialoni watoto walicheza na familia zilikula pamoja. Siku ya Mardi Gras, Weusi walipobaguliwa katika sherehe za njia kuu za mji, vikundi vyao vilivyovaa manyoya na shanga vilikutana hapo.

Mwaka 1966 miti hiyo ilikatwa ili kupisha barabara ya juu ya I-10. Sheria ya kulinda haki ya Weusi kupiga kura ilikuwa imepitishwa mwaka mmoja tu kabla.

Katika miaka hiyohiyo, barabara nyingine ya aina hiyo ilipangwa kupita kando ya mto, mbele ya Vieux Carré, mtaa maarufu kwa watalii. Mtaa huo ulikuwa na tume yake ya uhifadhi tangu 1936, na mwaka 1965 ulitangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Watetezi wake walipinga mpango huo kwa miaka mingi, hata Waziri wa Uchukuzi, John Volpe, akaufuta mwaka 1969.

Ulinganisho huu unadhihirisha kwamba kilichosajiliwa kilikuwa na mtetezi, na kilichoishiwa tu hakikuwa naye. Usajili haukuwa sababu pekee, kwani rangi na mali viliamua nani asikilizwe. Hata hivyo, usajili wenyewe ulifuata macho ya wenye nguvu: uliona roshani za chuma, haukuona kivuli cha mti.

Mwaka 2002 wasanii walianza kuchora picha, ikiwemo ya mialoni, kwenye nguzo za zege za barabara hiyo, na hadi leo wakazi hukusanyika chini yake. Mahali pamebaki, kivuli ndicho kilichobadilika. Kwa wanaoshauri serikali kuhusu mipango miji, funzo ni hili: kabla ramani haijachorwa, wakazi waulizwe wanakutana wapi, wanauziana wapi na wanasindikizia wapi maiti wao. Majibu yao yaingizwe katika daftari la urithi yakiwa na uzito uleule wa kuta za mawe.